Makaburi Kwenye Kona ya Ramani

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mbio kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Alifundisha jiografia, na aliifundisha akitembea. Sentensi aliyoianzia dirishani aliimalizia mlangoni, na asiyemfuata kwa shingo hakuambulia kitu. Hata kwenye ofisi ya walimu, kiti chake kilikuwa cha kuwekea mkoba tu.

Muhula ule alizidi. Alikuwa amewaanzishia Kidato cha Pili A kazi ambayo mwenyewe hakuwa na hakika nayo: kuchora ramani ya mtaa unaoizunguka shule. Si kwenye karatasi. Waliichora kwenye ubao wa mtandaoni, ukurasa mmoja mkubwa usio na mwisho, ambao kila mmoja aliufungua kwenye kompyuta yake na kuchora humo humo pamoja na wenzake. Waligawana vichochoro wawili wawili. Walitoka, wakatazama, wakarudi kwenye chumba cha kompyuta na vumbi miguuni, wakachora walichokiona. Siku ya maonyesho wangekuja wageni kutoka ofisi ya elimu, na mkuu wa shule alikwisha kuwatangazia kwamba kuna jambo jipya la kuwaonyesha.

Jambo lenyewe, ukiingia chumbani, lilikuwa vurugu tupu.

"Nani kanisogezea kinyozi wangu?"

"Ondoa mkono kwenye barabara yangu!"

"Mwalimu, huyu ameniwekea jalala mbele ya duka la dawa!"

Mshale wa kila mwanafunzi ulionekana kwenye kioo ukiwa na rangi yake na jina lake, kwa hiyo mkosaji alijulikana pale pale. Hata hivyo kuna mjanja aliyeihamishia ofisi ya makamu mkuu wa shule ndani ya choo cha wavulana, na Mwalimu Mbio akairudisha mahali pake huku akijikaza asicheke. Makamu mwenyewe, ambaye ndiye aliyeshika nidhamu ya shule nzima, hakuwa mtu wa kuonea raha jambo kama hilo.

Aliyejipa ukubwa wa ramani ile alikuwa kijana mrefu waliyemwita Injinia. Hakuna aliyemchagua. Alianza tu kunyoosha barabara za wenzake, na wenzake wakazoea. Aliyekataa kuzoea ni msichana mmoja, mtoto wa fundi cherehani, aliyetaka kila jengo lichorwe na mlango wake, na kila mlango uwe na kipinde kidogo cha kuonyesha unafunguka upande gani.

"Hii ni ramani ya mtaa," Injinia alimwambia. "Nani ana haja ya kujua mlango wa duka la viatu unafunguka wapi?"

"Mtu anayetoka mbio."

"Anakimbia nini?"

"Chochote. Moto. Wewe."

Darasa likaangua kicheko. Injinia, kwa kulipiza, akampachika jina la Bawaba. Alidhani atakasirika, msichana akalipokea jina kama zawadi, akaliandika hadi kwenye mkoba wake, kisha akaendelea kutia vipinde kwenye kila mlango aliopita, hata wa vichochoro visivyo vyake.

Halafu Bawaba akaacha kuja shule.

Siku za kwanza Mwalimu Mbio alidhani ni homa. Baadaye akaanza kuulizauliza. Mmoja alisema wamehama. Mwingine alisema amesikia ameolewa, na alipoulizwa kasikia kwa nani, akasema kwa watu. Namba ya mama yake haikupatikana. Mwalimu Mbio akaenda hadi kwenye chumba walichopanga, akakuta kufuli mlangoni na cherehani ikionekana kupitia pazia, imefunikwa shuka. Jirani hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba waliondoka na teksi, asubuhi, kwa haraka.

"Tumpe muda," Makamu alisema. "Asipotokea, tutamfuta kwenye rejista. Utaratibu ndio huo, mwalimu, sikuutunga mimi."

Wiki ile ile ndipo makaburi yalipoanza.

Injinia ndiye aliyeyaona kwanza. Kwenye kona ya chini ya ubao, mbali na mtaa wao, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa weupe, palitokea safu mbili za mistatili midogo, iliyopindapinda kama imechorwa kwa kidole kinachotetemeka. Kila mstatili ulikuwa na kijistari upande wa kichwani.

"Nani huyu anachafua?" akauliza. Kila mtu akainua mikono juu: si yeye. Akaifuta.

Kesho yake ilikuwa imerudi. Safari hii kulikuwa na ukuta kuizunguka, na mstatili mmoja ulipakwa weusi wote.

"Makaburi," akanong'ona msichana mmoja wa mstari wa mbele.

Neno hilo halikuhitaji kusukumwa. Kabla ya mapumziko lilikuwa limezunguka shule nzima: kuna mtu anachora makaburi kwenye ramani ya Kidato cha Pili A, na kila siku analijaza moja. Wakaanza kuhesabu mistatili na kujihesabu wenyewe. Mvulana mmoja aligoma kabisa kuingia chumba cha kompyuta, akasema mama yake hakumzaa aje amalizwe na intaneti.

Mwalimu Mbio alichunguza. Mchoraji hakuwa na jina wala rangi yake. Ubao ulimwita "Mgeni" tu, kama ulivyomwita yeyote aliyeingia kwa kiungo cha ramani bila kujisajili. Na kiungo hicho kilikuwa kimeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa darasa tangu mwanzo wa muhula. Shule nzima ingeweza kuwa nacho.

"Ni Kidato cha Pili B," Injinia aliamua. "Wana wivu. Wao wameambiwa waimbe kwaya."

"Una ushahidi?"

"Sina. Lakini nawajua."

Akaifuta kona ile asubuhi, akaifuta mchana, na ilipotokea mara nyingine, akatoka na wenzake wawili hadi kwenye mlango wa B. Mwalimu Mbio alipofika, kola ya shati la mtu ilikuwa imechanika, Injinia anavuja damu ya pua, na Makamu amesimama katikati na mikono kiunoni.

Makamu akataka kuona kilicholeta ngumi. Wakamfungulia ramani kwenye projekta, ikajaa ukutani. Akaitazama mitaa, akatingisha kichwa kwa kuridhika, mpaka macho yake yakashuka kwenye kona.

"Makaburi? Kwenye ramani ya shule?" Sauti yake ilipanda. "Wageni wako njiani, mwalimu! Nitawaambia nini? Kwamba tunafundisha watoto kuchimba?"

"Hatujui ni nani anayechora, Makamu."

"Sikuulizi ni nani. Safisha. Halafu ufunge huo ubao, aingie anayejulikana tu. Leo."

Mwalimu Mbio akasafisha. Alikizungushia mshale wake kiwanja chote cha mistatili, akabonyeza, kikatoweka mara moja kama hakijawahi kuwapo. Darasa likapumua. Yeye hakupumua. Alitoka akazunguka uwanja, akarudi, akasahau alichokirudia, akatoka tena.

Hakuufunga ubao mchana ule. Alijiambia atafunga akifika nyumbani.

Jioni, mumewe, aliyekuwa fundi wa redio na simu, aliweka chakula mezani akamsubiri aache simu. Hakuiacha. Alikula kwa mkono mmoja, amesimama, simu imeegemezwa kwenye birika.

"Hiyo simu inakula nini?" mumewe akauliza. "Maana naona wewe huli."

"Ngoja kidogo."

"Nimengoja tangu nikuoe."

"Baba, ngoja! Amerudi."

Mgeni alikuwa amerudi. Mshale wake ulikuwa ukikimbia kwenye weupe ule, unachora upya safu mbili, mstatili mmoja baada ya mwingine, kwa haraka ya mtu anayejua hana muda. Ukuta mmoja. Ukuta wa pili. Baadhi ya mistatili ukaipaka weusi. Mmoja, wa kando ya ukuta, ukauwekea kiduara pembeni. Mwalimu Mbio alikwisha kugusa mahali pa kufungia ubao, kidole kiko juu yake. Ndipo Mgeni akaacha mwanya kwenye ukuta, akatia mlango, na kwenye mlango akachora kipinde kidogo. Mlango unafunguka kwa nje.

Mwalimu Mbio akakaa. Mumewe alisimulia baadaye kwamba hilo ndilo lililomtisha, kumwona mkewe ameketi kwenye kiti chakula kikiwa mezani.

"Ni yeye," alisema. "Ni yule mtoto. Nimekuwa nikimfuta."

Akaandika kando ya mlango neno moja: *Bawaba?*

Mshale ukasimama. Ukasogea karibu na neno, ukakaa hapo. Halafu ukatoweka, na hata alipokaza macho mpaka yakamwasha, haukurudi.

Asubuhi Makamu alimsubiri getini.

"Umefunga?"

"Bado."

"Bado nini, mwalimu? Tulikubaliana."

"Uliagiza, Makamu. Hatukukubaliana. Nikiufunga, nitamfungia nje mwanafunzi wangu."

"Mwanafunzi gani?"

"Yule unayetaka kumfuta kwenye rejista."

Makamu alimtazama kama mtu anayepima joto la mgonjwa kwa macho. Mwalimu Mbio hakungoja apime amalize. Alikwisha kuifikia ngazi.

Kipindi cha kompyuta kilipoanza, aliifungua ramani ukutani mbele ya wote. Mchoro ulikuwa umeongezeka usiku hadi nje ya mlango, na chini ya neno lake kulikuwa na maandishi madogo, yamebanana:

*Ni mimi mwalimu. Msinifutie tena. Simu si yangu, nachora haraka haraka.*

Msichana wa mstari wa mbele akaanza kulia, huenda kwa sababu yeye ndiye aliyetamka neno makaburi. Injinia, na pamba puani, alitoka kitini taratibu akasogea hadi ukutani, kivuli chake kikaangukia mitaa yote. Akaweka kidole kwenye mojawapo ya vile vijistari.

"Kaburi gani lina mto?" akasema. "Huu ni mto wa kulalia. Hivi ni vitanda, mwalimu. Hii ni wodi."

Baada ya hapo kila mtu aliona. Wakasongamana. Hili benchi la wanaosubiri. Hili sinki. Hii ndoo chini ya bomba, kwa hiyo bomba linavuja. Huku korido inakata kona. Mji wao ulikuwa na hospitali moja tu yenye wodi ndefu kiasi hicho, ng'ambo ya daraja, upande ambao ramani yao haikufika.

"Na hivi vyeusi?" akauliza mtu kutoka nyuma.

Injinia aliondoa kidole ukutani. "Sijui," akasema.

Saa za kutazama wagonjwa zilipofika, Mwalimu Mbio alikuwa kwenye lango la hospitali na kikapu cha matunda, simu mkononi, ramani imefunguliwa. Hakumuuliza mtu njia. Alipita benchi, na benchi lilikuwapo. Akasikia tone la maji kwenye ndoo kabla hajaiona ndoo. Akakata kona, akaukuta mlango mpana uliopakwa rangi ya kijivu, akanyoosha mkono ausukume, na mlango ukamjia usoni: mhudumu alikuwa anatoka na toroli la mashuka.

"Angalia, mama! Huu unafungukia huku!"

"Najua," alisema Mwalimu Mbio, akishika paji la uso. "Niliambiwa."

Bawaba alikuwa ameinama kwenye kitanda cha dirishani, anamgeuza mama yake ubavu. Alifanya kazi ile kwa ustadi: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, goti limekaza kwenye chuma cha kitanda. Sare ya shule aliivaa kama nguo ya kazi, mikono imekunjwa. Alipomwona mwalimu wake hakukimbia wala hakulia. Alimlaza mama yake vizuri kwanza, akamfunika, ndipo akasema, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi akiwa kwenye cherehani, nguo ya mteja bado imeshikwa na sindano. Upande wa kulia wote ulilala, na maneno yakaenda nao. Wauguzi walikuwa wachache. Mgonjwa asiye na mtu wake wa kumlisha na kumgeuza alipata taabu. Kaka yake Bawaba aliendesha lori la masafa marefu, na alikuwa mbali, sehemu ambazo simu huingia siku moja na kupotea tatu. Simu ya mama ilianguka kwenye teksi siku ile ya kwanza. Bawaba alikuwa akilala chini, kati ya kitanda cha mama yake na cha jirani.

Jirani mwenyewe, mama mnene muuza mitumba aliyefungwa mguu kwa plasta hadi pajani, ndiye aliyekuwa akimwazima simu. "Nilidhani anachezea gemu," alimwambia mwalimu. "Nikamwambia, mwanangu, bando langu linakwisha na wewe hata hushindi!"

Mwalimu Mbio alicheka, kisha akamgeukia Bawaba. "Kwa nini hukuandika jina lako? Ungeandika tu, niko hospitali, mama anaumwa. Tungekuja siku hiyo hiyo."

Bawaba alikuwa anamenya chungwa, analigawa vipande vidogo vidogo vya kumlisha mama yake. "Ilikuwa niandike. Kwanza nilitaka mwone panavyoonekana. Halafu nikaona mnafuta." Akatoa mbegu. "Nikachora tena, mkafuta tena. Nikajua basi, na shule nimeshafutwa. Kwa hiyo nikawa nachora tu. Kukaa hapa bila kufanya kitu mikono inawasha, mwalimu."

Mwalimu Mbio aliinamia kikapu. Akachukua chungwa lingine akamenya.

"Mara ya mwisho nilifuta mimi," hatimaye alisema. "Nisamehe."

"Niliona ilifutwa yote kwa mkupuo. Injinia hufuta kimoja kimoja."

"Na vitanda vyeusi?"

"Hao walioondoka."

"Wamekwenda nyumbani?"

"Wengine nyumbani." Bawaba alimpa mama yake kipande cha chungwa, akamfuta mdomo kwa kidole. "Nachora sawa wote. Sitaki kutofautisha."

Tangu hapo Mwalimu Mbio hakutulia hata kwa kipimo chake mwenyewe. Mumewe alichokonoa sanduku la simu mbovu mpaka akapata moja inayoweza kufufuka, akaibadilishia kioo na betri, akamtuma mkewe aipeleke. "Mwambie isianguke," alisema. "Imekufa mara mbili tayari." Darasa likaanza kumwekea Bawaba masomo kwenye ubao ule ule, kandokando ya vitanda: hesabu za siku, mchoro wa figo, sentensi za kuchanganua. Waligombana nani aandike nini. Bawaba, akipata nafasi baada ya kumwogesha mama yake, aliingia kwa jina lake na rangi yake, akajibu, na mara nyingi akasahihisha.

*Figo ya kushoto mmeichora kulia,* aliandika siku moja.

*Unatazama kutoka wapi?* Injinia akajibu.

*Kutoka kwa mgonjwa. Kwani nyinyi mnatazama kutoka wapi?*

Injinia mwenyewe hakuomba radhi kwa maneno. Aliomba ruhusa ya kutoka na wenzake siku ya mapumziko, wakaenda kwa miguu hadi ng'ambo ya daraja wakiandika kila kona, na mwanzo wa wiki barabara ikaanza kutoka kwenye geti la shule, ikashuka kwenye weupe, ikavuka mto, ikagota kwenye mlango wa kijivu. Milango ya njia nzima aliitia vipinde. Baadhi alikosea, Bawaba akamrekebishia ile aliyoijua.

Kwa Makamu haikuwa rahisi. Alitaka barua ya hospitali. Barua ilipoletwa, akataka iwe na muhuri. Muhuri ulipopatikana, aliisoma amesimama, akaitia kwenye jalada, akasema tu, "Asifutwe." Kuhusu ramani hakusema kitu, na Mwalimu Mbio hakumuuliza, akiogopa jibu.

Siku ya maonyesho ilifika na joto. Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja aliyevaa miwani kwenye kamba, aliyegusa kila kitu kabla ya kukitazama. Kwaya ya Kidato cha Pili B iliimba ikatoka jasho. Kisha wote wakajazana chumba cha kompyuta, ramani ikawaka ukutani, na mishale ya wanafunzi ikaanza kutembea mitaani kama watu wa kweli. Injinia alieleza. Alieleza vizuri, ila haraka mno. Mwalimu Mbio alikuwa nyuma, anapima urefu wa ukuta kwa miguu yake.

"Na huku chini?" mama wa miwani akauliza. "Barabara inatoka mtaani kwenu inakwenda wapi? Hivi ni nini?"

Mkuu wa shule alimtazama Mwalimu Mbio. Mwalimu Mbio akafungua kinywa, lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya Makamu.

"Ni hospitali, mheshimiwa. Tuna mwanafunzi kule anamuuguza mama yake. Anasoma nasi kutokea hapo." Akakohoa. "Rejista yangu inamhesabu yupo."

Mama wa miwani akaivaa vizuri. "Yuko sasa hivi?"

"Yule pale," alisema Injinia.

Mshale wa Bawaba ulikuwa umetokea kwenye kona, rangi ya zambarau. Watu wakanong'ona kwa furaha, mgeni akapunga mkono kwa ukuta, kisha akajicheka. Mshale haukujibu. Ulikwenda moja kwa moja hadi kitanda cha dirishani, chenye kiduara, kitanda cha mama yake. Ukakipaka weusi.

Darasa zima lilikwisha kuambiwa kwamba vyeusi ni vya walioondoka, na halikujua huyu ameondoka kwenda wapi. Mwalimu Mbio alipenya kati ya viti, akafika kwenye kompyuta ya karibu, akaandika *Bawaba, mama?* na kabla hajamaliza alama ya kuuliza, picha ikaganda. Alama ndogo ya mtandao pembeni ikageuka nyekundu. Akajaribu simu. Simu ya Bawaba haikupatikana. Hata ya mumewe haikupatikana. Mtandao ulikuwa umekatika mtaa mzima. Ukutani kitanda kile kilibaki hapo, cheusi, hakiendi mbele wala nyuma.

"Tatizo la kiufundi kidogo," mkuu wa shule alianza kuwaambia wageni.

Makamu alimshika Mwalimu Mbio kiwiko. "Nenda," alisema chini chini. "Hawa niachie mimi."

Hakukumbuka baadaye alivyovuka daraja. Alikumbuka tu kwamba pikipiki aliyopanda ilizimika njiani, akamlipa dereva akakimbia kipande kilichobaki na viatu vyake vya maonyesho mkononi. Benchi. Ndoo. Kona. Mlango wa kijivu aliuvuta kwa nguvu ukapiga ukuta, wodi nzima ikageuka.

Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu. Godoro limekunjwa, shuka limeondolewa, hata kikombe cha mama hakipo.

"Wewe mwalimu!" Mama wa mitumba alikuwa amejiinua kwa viwiko kwenye mto wake. "Unahema hivyo umefukuzwa na nani?"

"Yuko wapi? Mgonjwa yuko wapi?"

"Si wamekwenda zao. Mwanawe amekuja na lori, limeziba geti lote, walinzi wanapiga kelele. Kambeba mama yake mgongoni kama gunia la unga, na mama anacheka! Hivi hivi, upande mmoja, lakini anacheka. Yule mtoto kasema ngoja kwanza, kuna kitu nakimalizia. Katoa simu yake, kafanya fyuu fyuu, kaondoka." Akamtazama vizuri. "Haya, kaa basi. Kaa hapo kitandani, hakuna mtu."

Mwalimu Mbio aliketi kwenye godoro lililokunjwa na kuuficha uso kwenye viganja. Mama wa mitumba akampigapiga mgongo kwa mkono uliomfikia, akimwambia na yeye atatoka karibuni, na akitoka atamchagulia viatu vya kukimbilia, maana hivyo alivyoshika ni vya harusi.

Kuhusu maonyesho, Makamu aliwapeleka wageni kunywa chai, akawaeleza ramani nzima kwa mdomo. Mama wa miwani aliandika kwamba amevutiwa, na kwamba shule itafute mtandao wa uhakika. Kati ya yote waliyoonyeshwa, wageni wakaipa kwaya nafasi ya kwanza. Injinia hakusema na mtu yeyote wa B mpaka siku ya pili.

Mama yake Bawaba alirudi kwenye chumba chao. Mguu ulianza kukanyaga, mkono haukuanza, na maneno yalirudi machache, yale ya lazima: maji, njoo, na jina la mtoto, jina lake hasa. Cherehani waliitoa shuka, mama mdogo wake Bawaba akahamia pale na akawa anashona huku dada yake akimkosoa kwa jicho. Kaka alirudi barabarani. Wiki iliyofuata Bawaba akaja shule.

Aliingia chumba cha kompyuta kipindi kikiwa kimeanza. Walikuwa wamefika kwenye pepo na mvua, wanaandika maelezo ya pamoja, wote ukurasa mmoja. Hakuna aliyejua afanye nini. Wawili wakapiga makofi, wakaacha. Injinia akamvutia kiti. Bawaba akafungua, akasoma waliyoandika, akafuta koma moja. Akaandika mstari wake. Halafu akaweka shavu mezani, dakika tu, kama anayetafakari, na usingizi ukambeba pale pale, kiwiko juu ya vibonyezo.

Kwenye kioo cha kila mmoja herufi n ilianza kutembea, nnnnnnnnn, mstari mzima, ukashuka wa pili. Darasa likaangaliana. Injinia akauinua mkono ule polepole, akauweka pembeni, akavua sweta lake na kulipenyeza chini ya shavu. Bawaba hakushtuka.

"Mwalimu, tumwamshe?" mtu akauliza.

"Nani kasema aamshwe? Andikeni," alisema Mwalimu Mbio kwa sauti ya chini, akaendelea kuzungumzia pepo akitembea kwa ncha za vidole, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, mpaka kengele ilipolia.